Maradhi ya Njia Kuu na Mlango wa Mbozi Misheni

Wasomaji wetu wakaao Tunduma hawana haja ya kukumbushwa juma lile la Mei 2020. Tarehe 9 ya mwezi ule Serikali ya Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 wa korona kwa siku moja, na katika hao 76 walikuwa wa Nakonde, mji ambao mtu wa Tunduma huuendea kwa miguu kufanya manunuzi yake na kurudi kabla chai haijapoa. Kesho yake Rais wa Zambia wa wakati huo, Bwana Edgar Lungu, alitangaza kuufunga mpaka, na kuanzia tarehe 11 magari ya mizigo yakasimama. Baada ya siku chache mpaka ulifunguliwa tena kwa shehena, madereva wakaendelea na safari zao, na wafanya biashara wakarudi kuhesabu hasara.

Siku zile macho ya watu wote yalikuwa juu ya malori. Leo twapenda kuyageuza macho hayo upande mwingine, kwani kikohozi hakingoji mhuri wa pasipoti. Dereva hulala Tunduma, hula Vwawa, hununua matunda Mlowo. Mama aliyemwuzia chakula hurudi jioni kijijini kwake, akampakata mjukuu, akaketi jikoni na mama yake mzee. Baada ya siku saba au kumi bibi yule hashindwi na kazi tu, bali hata na pumzi. Hapo ndipo vijana wa nyumba huulizana, tumpeleke wapi? Wala hawasemi Muhimbili, wala hawasemi Mbeya. Hupeleka mahali walipozaliwa wao wenyewe, mahali wanapojua njia yake hata gizani.

Kwa watu wengi wa Mbozi mahali hapo ni Mbozi Misheni. Wamoravian walifungua kituo chao huko yapata mwaka 1900, na hospitali yao ingali ikihudumia watu wa nchi ile ya kahawa na mahindi. Haiko juu ya barabara kuu. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, una hospitali yake ya rufaa pale Vwawa, na aliye mahututi zaidi ana Mbeya mbele yake. Lakini mgonjwa asiyepumua hana saa za safari. Mlango wa kwanza anaoufikia ndio utakaoamua kama atauona wa pili.

Basi swali letu ni hili: maradhi ya mlipuko yanapoingia nchini, mlango ule wa dharura wa hospitali ya shamba hufanyaje kazi, na unahitaji nini ili usigeuke kuwa mahali pa kugawia ugonjwa?

Mtu asidhani kwamba swali hili limeletwa na korona. Nchi hii ya kusini magharibi imekwisha kuona maradhi yakipita katika njia zake. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la Jenerali von Lettow-Vorbeck, baada ya kuzunguka Msumbiji na Ungoni, liliingia Rhodesia ya Kaskazini kwa njia ya Fife, karibu na ilipo Nakonde ya leo. Tarehe 25 mwezi huo huo likaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini homa kuu ya mafua ya mwaka ule iliwakuta askari na wapagazi wamechoka, wana njaa, wamebanana makambini. Wengi waliopona risasi za miaka minne walikufa kwa kikohozi cha siku nne. Katika Tanganyika nzima watu waliokufa kwa mafua yale walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Nyakati hizo wapagazi walitembea kwa miguu. Siku hizi lori hutoka bandari ya Dar es Salaam likafika Tunduma, zaidi ya kilometa 900, kabla aliyeambukizwa hajaanza hata kupiga chafya.

Turudi mlangoni.

Katika siku za kawaida foleni ya hospitali yetu ina sheria moja ijulikanayo na kila mtu, nayo ni kwamba aliyetangulia kufika ndiye atakayetangulia kuonwa. Ni sheria ya haki sokoni na posta. Katika mlango wa dharura ni sheria ya kuua. Tanzania ilichukua muda mrefu kulitambua jambo hili. Hata Muhimbili, hospitali ya taifa, idara yake kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010 tu, na mwaka huo huo ndipo Chuo Kikuu cha Muhimbili kilipoanza kuwafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Kabla ya hapo palikuwa na chumba cha majeruhi, na mwenye sauti kubwa au ndugu wengi ndiye aliyetazamwa kwanza.

Kazi ya mlango wa dharura ni kupambanua. Mtu aliyefundishwa husimama pale wagonjwa wanaposhuka, na kabla ya kuuliza jina wala kadi hutazama. Je, huyu anapumua sawasawa? Damu inamtoka? Ana fahamu? Ana degedege? Ni mjamzito? Aliye hatarini sasa hivi hupewa alama nyekundu na kuingizwa papo hapo. Awezaye kungoja kidogo, huku akiangaliwa, hupewa manjano. Wa kijani ataketi, hata kama alifika alfajiri na jirani yake amefika saa sita. Kazi hii yote kwa mgonjwa mmoja haizidi dakika chache.

Mlipuko wa maradhi huleta swali la pili juu ya lile la kwanza. Haitoshi tena kujua kama mtu huyu anakufa. Yapasa kujua pia kama ameleta kitu cha kuwaua wengine. Hapa ndipo hospitali nyingi duniani, kubwa na ndogo, zilipojikwaa mwaka 2020. Zilililia swali la pili hata zikasahau la kwanza. Mgonjwa mwenye homa alisimamishwa nje mpaka apimwe joto, aandikishwe, aulizwe ametoka wapi, na wakati huo wote sukari yake ilikuwa imeshuka, au malaria ilikuwa imempanda kichwani. Homa yake haikuwa ya korona hata kidogo.

Tuchukue mfano wa usiku mmoja, ambao kila muuguzi wa wilaya ya Mbozi ataujua bila kuambiwa majina. Saa tano za usiku wanafika wanne. Kijana wa bodaboda amevunjika mguu, anapiga kelele. Mtoto wa miaka miwili yuko mikononi mwa baba yake, ametulia mno. Mama mjamzito ana uchungu, naye anakohoa. Na mzee mmoja amekuja kwa miguu yake mwenyewe kutoka kwenye gari, amejifunga blanketi.

"Shikamoo baba," asema muuguzi.

"Marahaba mwanangu. Waangalie hao kwanza. Mimi ni mafua tu."

Muuguzi akimwamini mzee, mzee atakufa kabla ya asubuhi. Hili ni jambo ambalo korona iliwafundisha waganga wa dunia nzima kwa machozi: mtu anaweza kuzungumza, kuchekesha hata, huku damu yake imepungukiwa na oksijeni kwa kiasi ambacho zamani waganga wangetegemea kumkuta amezimia. Macho peke yake hayakuoni. Kile kifaa kidogo kibanacho kidole, chenye kutoa namba, ndicho kinachoona. Namba ikiwa 95 au zaidi, mzee anaweza kungoja. Ikishuka chini ya 90, mzee ni wa alama nyekundu, hata kama anasimulia habari za shamba lake. Kifaa hicho hakihitaji jengo, wala daktari bingwa, ila mtu wa kukishika na betri ndani yake. Ikiwa tungeambiwa tuchague kitu kimoja cha kuwekwa katika kila mlango wa dharura wa Mkoa wa Songwe, tungechagua hicho, na akiba ya betri.

Na yule mtoto aliyetulia mno? Kelele za kijana wa bodaboda zisimfanye asahauliwe. Mtoto wa namna ile huenda ana malaria kali, au amepungukiwa damu, na dakika zake ni chache kuliko za wote. Mguu uliovunjika unauma sana, lakini kwa kawaida hungoja.

Mama mwenye uchungu na kikohozi ndiye anayeupima mlango wenyewe. Akipelekwa wodi ya wazazi, pengine atawaambukiza wazazi wote na wakunga wao. Akiwekwa kwenye banda la wenye kikohozi, pengine atajifungua mbele ya mtu asiyejua kupokea mtoto. Jibu sahihi ni kwamba mkunga amfuate mama, mama asihangaishwe kumtafuta mkunga. Pawe na chumba kimoja kidogo, hata kama ni stoo iliyosafishwa, chenye kitanda, taa na vyombo vya uzazi, ambacho siku zote za mlipuko huachwa wazi kwa ajili ya mama wa namna hii. Hospitali isiyokuwa na chumba hicho hujikuta ikimjadili mama mlangoni, na mtoto hasubiri mjadala uishe.

Twalitilia mkazo jambo la dharura nyingine kwa sababu tumeona jinsi lilivyopuuzwa. Ugonjwa mpya hauji kuyaondoa magonjwa ya zamani. Katika nchi za Afrika ya Magharibi, Ebola ilipozikumba mwaka 2014 hadi 2016, watu zaidi ya 11,000 walikufa kwa ugonjwa huo wenyewe, lakini wapo pia mama na watoto waliokufa kwa uzazi na malaria kwa sababu hospitali zilifungwa au watu walizikimbia. Hao hawakuandikwa katika hesabu ya Ebola. Mlango wa dharura uliogawanywa vema una pande mbili, na upande wa wasiokohoa unastahili watu na dawa sawasawa na ule mwingine.

Kugawanya huko si lazima kuwe ujenzi wa fahari. Hewa ya wazi ni dawa. Banda la bati lisilo na kuta, lililowekwa upande ambao upepo hautavumia wodini, lenye mabenchi yaliyoachana, ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, na njia yake yenyewe ya kuingia, hufanya kazi kubwa. Neno la Mbozi hapa ni baridi. Nchi ile iko juu, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake humfanya kila mwenye akili afunge madirisha. Muuguzi hufungua dirisha, mgonjwa hulifunga. Muuguzi akitoka, ndugu huziba hata ule upenyo. Hatuwalaumu, kwani mwenye homa apulizwaye na upepo wa Julai ana haki ya kulalamika. Lakini hapo ndipo bajeti ya hospitali inapopaswa kuandika mablanketi katika orodha ya vifaa vya kujikinga na maambukizo, jambo ambalo wahasibu wataliona la ajabu.

Sasa twafika kwenye oksijeni, ambayo tungetaka wasomaji waifahamu kwa hesabu badala ya kwa jina tu. Mtungi mkubwa wa hospitali, ule unaofika kifuani mwa mtu na zaidi, ukiwa umejaa una lita 6,800. Mgonjwa wa korona aliyezidiwa huhitaji kama lita 10 kwa dakika. Gawanya, utapata saa 11 na dakika 20. Yaani mtungi uliofunguliwa magharibi hautamfikisha mgonjwa mmoja saa mbili asubuhi. Aliye mahututi kabisa aweza kuhitaji lita 30 kwa dakika, na kwake mtungi ule ule hauzidi saa nne. Wagonjwa watano wenye kuhitaji lita 10 kila mmoja hula mitungi kumi na zaidi kwa siku. Sasa fikiria mitungi hiyo ikipakiwa, ikishushwa, ikirudishwa mitupu mjini kujazwa, siku baada ya siku, katika njia za mvua.

Zipo mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani, na kwa hospitali ya shamba ni neema kubwa, kwani hazihitaji kusafirishiwa kitu. Aghalabu mashine moja hutoa lita 5 au 10 kwa dakika. Lakini hutaka umeme, nao umeme ukikatika mashine hunyamaza. Kwa hiyo hospitali yenye busara hutumia mashine kwa wengi na kuweka mitungi kwa saa za giza na kwa aliyezidiwa, na jenereta ikawa na mafuta ya kweli tankini, siyo mafuta ya kwenye daftari. Pia kuna tiba isiyogharimu kitu: kumlaza mgonjwa kifudifudi. Mapafu ya nyuma hufunguka, na mara nyingi namba ya kidoleni hupanda. Na kuna dawa ya bei ndogo, deksamethasoni, ambayo imekuwamo katika makabati ya hospitali zetu kwa miaka mingi. Mnamo Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumuliwa na mashine, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Asiyehitaji oksijeni haimsaidii. Ujuzi huu ulifika duniani kote kwa siku moja. Swali ni kama ulimfikia tabibu wa zamu ya usiku katika hospitali iliyo nje ya njia kuu, na nani aliyekuwa na kazi ya kumfikishia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye watu wenyewe, ambao bila wao mitungi ni vyuma tu.

Katika hospitali ya mjini, muuguzi mmoja akiugua, jina lake hufutwa kwenye orodha na jingine kuandikwa. Katika hospitali ndogo wauguzi watatu wakiugua katika juma moja, zamu imekufa. Wote hula pamoja, hukaa nyumba za karibu, watoto wao hucheza pamoja. Kwa hiyo kumlinda mhudumu ni sehemu ya tiba ya wagonjwa wenyewe. Na ulinzi huo una elimu yake. Watu hudhani hatari iko katika kuvaa gauni na barakoa vibaya. Hatari kubwa iko katika kuvua. Mhudumu aliyechoka baada ya saa sita hujivua kwa haraka, mkono wa glavu ukagusa shingo, na kazi yote ikaharibika. Ndiyo maana mahali penye utaratibu huvuliwa wawili wawili, mmoja akimtazama mwenzake na kumwambia hatua kwa hatua. Virusi vya Marburg vilipozuka Kagera mwezi Machi 2023, vikapata watu 9 na kuua 6, miongoni mwa waliofariki alikuwamo mhudumu wa afya. Hakwenda vitani. Alikwenda kazini.

Marburg ikarudi Kagera mwanzoni mwa 2025, Biharamulo, ikaua watu 10 kabla ya kutangazwa imekwisha mwezi Machi. Mwezi huo huo wa Machi Serikali ilitangaza wagonjwa wa kwanza wawili wa mpox nchini, na mmoja wao alikuwa dereva wa lori la mizigo. Na kabla ya hapo, tangu mwishoni mwa 2023, Zambia ilipatwa na kipindupindu kibaya sana, wagonjwa zaidi ya 20,000, hata uwanja wa mpira wa Lusaka ukageuzwa kuwa hospitali. Twayataja haya ili mtu asiseme kwamba habari za mlipuko ni habari za 2020. Kila ugonjwa katika hiyo una mlango wake wa kuingilia mwilini, na kwa hiyo una kinga yake: korona hupita hewani, kipindupindu hupita majini na kwenye choo, Marburg hupita katika maji ya mwili. Banda la wenye kikohozi halimfai mwenye kuhara. Mlango wa dharura uliozoezwa kwa ugonjwa mmoja tu utashangazwa na ule ufuatao.

Jambo jingine, ambalo waandishi wa miongozo kutoka nchi za mbali hawalielewi vema, ni ndugu wa mgonjwa. Katika hospitali zetu ndugu si mgeni. Yeye ndiye huleta uji, hufua shuka, humgeuza mgonjwa, huenda duka la dawa, na usiku humwita muuguzi dripu inapokwisha. Mlipuko ukija, agizo la kwanza ni kuwafungia ndugu nje ya lango. Agizo ni la haki. Lakini kazi zao nani anazifanya? Zikiangukia kwa muuguzi yule yule mmoja mwenye wagonjwa ishirini, hazifanyiki, na mgonjwa aliyekuwa apone kwa oksijeni hudhoofika kwa njaa. Na ndugu aliyezuiliwa nje siku tatu bila habari huamini mabaya. Huenda akamtorosha mgonjwa wake. Huenda akawaambia wenzake kijijini kwamba hospitali waingia hai na kutoka maiti, na mgonjwa wa pili wa ukoo ule ataletwa akiwa amechelewa au hataletwa kabisa.

Tuliona hayo siku za kujifukiza. Hatuwacheki wazee wetu kwa majani yao, kwani mvuke humpa mtu faraja, na mwenye mafua mepesi atapona akijifukiza au asipojifukiza. Ubaya ulikuwa katika siku zilizopotea. Mtu alikaa chini ya blanketi siku ya tano, ya sita, ya saba, pumzi zikipungua, na alipoletwa mlango wa dharura ulikuwa umebakiwa na kazi ya kuwapa ndugu pole. Dawa ya mashaka hayo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mtu mmoja apewe kazi ya kusimama langoni saa moja asubuhi na saa kumi jioni, ajue majina ya wagonjwa wote, na kuwaambia ndugu ukweli: bibi amekula, bibi amelala vizuri, bibi amezidiwa. Chakula kipokewe langoni kwa chombo chenye jina. Katika hospitali ya kanisa huenda mchungaji au mzee wa kanisa akaifanya kazi hiyo vizuri kuliko karani, maana watu wamezoea kumwamini.

Na ukweli hauishii langoni. Lazima tuseme wazi juu ya hesabu. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Hadi mwanzoni mwa Mei hesabu iliyotangazwa ilifika wagonjwa 509 na vifo 21, kisha zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tunaelewa kwamba waliokuwa na madaraka waliogopa hofu isiwaue watu na njaa isiwafuate. Lakini mlango wa dharura hauendeshwi kwa tumaini. Mganga mkuu wa hospitali ya shamba anayejua kwamba juma hili Tunduma wamepatikana wagonjwa kumi atafungua banda, atajaza mitungi, ataziondoa likizo. Asiyejua chochote atayafanya hayo siku ile mzee wa blanketi atakapomfia mikononi, na siku hiyo umechelewa kwa majuma mawili. Twaona basi kwamba namba zinazokusanywa mpakani, ambako tangu 2019 pana kituo cha pamoja cha nchi zote mbili, zapasa kufika kila asubuhi katika kila hospitali ya mkoa, ya Serikali na ya misheni, kama vile wakulima wa kahawa wanavyopelekewa bei ya mnada. Si kazi ngumu katika zama za simu.

Haki ituruhusu kusema na yaliyofanyika. Kutoka Julai 2021 chanjo ilifunguliwa nchini, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani tarehe 28. Mwezi Oktoba mwaka huo ulianza mpango wa shilingi trilioni 1.3, fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwa sehemu yake hospitali nyingi za Serikali zilipata majengo ya dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya kutengeneza oksijeni. Ni hatua ambayo nchi hii haikupata kuiona kabla, na ambaye hakumbuki vyumba vya majeruhi vya zamani hawezi kuipima.

Lakini mtambo ulio katika hospitali ya rufaa haumsaidii bibi wa kijijini mpaka oksijeni yake ifike penye kitanda chake, au yeye afike penye mtambo akiwa hai. Mwananchi anayetibiwa hospitali ya misheni ni mwananchi yule yule, na virusi havikagui kwanza mmiliki wa hati ya kiwanja. Kwa hiyo twaomba Mkoa uandike, katika siku hizi za utulivu, ratiba ya gari la mitungi lenye siku zinazojulikana, litakaloizungukia kila hospitali, na ya misheni ikiwamo, likipeleka iliyojaa na kuchukua mitupu. Ratiba hiyo ijaribiwe sasa kwa wagonjwa wa kawaida, watoto wa vichomi na mama waliotoka kupasuliwa, ambao oksijeni huihitaji kila siku ya Mungu. Gari la wagonjwa nalo liwe na mtungi unaopumua. Liwe na muuguzi ndani, siyo dereva peke yake na ndugu wawili wanaolia.

Kwa upande wao wenye hospitali wana yao ya kufanya ambayo hayangoji barua ya mtu. Wauguzi wote, pamoja na walinzi na wafagiaji, wafundishwe kupambanua wagonjwa kwa alama tatu. Mlinzi wa lango ndiye awaonaye wa kwanza, na mara nyingi ndiye aamuaye bila kujua kwamba ameamua. Mara mbili kwa mwaka wafanye zoezi: mgonjwa wa uongo aje na kikohozi cha uongo saa saba za usiku, na saa ihesabiwe toka lango hadi oksijeni.

Mvua za Mbozi huanza Novemba na hazikatiki mpaka Aprili. Nguzo za banda zichimbiwe sasa, wakati ardhi ingali kavu na lori la bati laweza kufika mpaka mlangoni.